Mlinzi Aliye Mnarani

  Popote ulipo, iwe ni jikoni unakosha vyombo, au dukani, au ndani ya matatu njiani kwenda Malindi, tega sikio, kwa maana neno letu la leo ni neno la njiani.

Somo letu limo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 9. Mfalme Yoramu alikuwa Yezreeli akiuguza majeraha ya vita. Juu ya mnara wa mji alisimama mlinzi. Mlinzi huyo aliona kundi la watu likija kutoka mbali, na mfalme akatuma mpanda farasi awalaki na kuwauliza kama wanakuja kwa amani. Mjumbe huyo hakurudi. Akatumwa wa pili, naye hakurudi. Lakini kabla sura ya mtu yeyote haijaonekana, mlinzi alikwisha kujua ni nani anayekuja. Aliwaambia waliokuwa chini kwamba huyo bila shaka ni Yehu, kwa sababu hakuna mwingine aliyejulikana kwa kukimbiza farasi namna ile.

Angalieni jambo hilo, ndugu zangu. Uso ulikuwa bado haujaonekana, lakini mwendo ulikuwa umekwisha kumtaja mwenyewe.

Sisi wa Kilifi tunayo Mnarani yetu, pale kando ya hori, penye magofu ya msikiti wa kale. Na kando ya barabara yetu kuu tunao walinzi wetu. Hao hawapandi mnara. Husimama chini ya mwembe au mkorosho, mkononi wameshika kitu mfano wa bunduki, kisichotoa risasi bali nuru. Leo tunataka kuzungumza juu ya bunduki hiyo ya kupimia mwendo, na juu ya watu wanaotafuta njia ya kuipofusha.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Bunduki za zamani zilitumia rada, yaani mawimbi ya redio, ndugu wa mawimbi haya yanayokuletea sauti yetu sasa. Mawimbi hulipiga gari na kurudi, na mabadiliko yake yanaporudi huonyesha mwendo wa gari hilo. Mmoja wa mabingwa walioanzisha rada ni Mskoti, Robert Watson-Watt, ambaye mwaka 1935 alionyesha huko Uingereza kwamba ndege iliyo mbali yaweza kugunduliwa kwa mawimbi ya redio. Katika miaka ya 1950 bwana huyo alikuwa akiendesha gari huko Kanada, akasimamishwa na polisi kwa kwenda kasi, na kilichomkamata kilikuwa ni rada! Chombo hakikumjua babake. Ndivyo kilivyo kila kipimo cha haki: hakitazami uso wa mtu.

Bunduki nyingi za siku hizi hutumia miali ya leza, ambayo ni nuru isiyoonekana kwa macho. Nuru husafiri kama kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kulifikia gari lililo umbali wa mita 300 na kurudi, huchukua sehemu 2 tu katika milioni ya sekunde. Bunduki hutuma mapigo mengi ya nuru, moja baada ya jingine. Na kwa kuwa kila pigo hurudi mapema kidogo kuliko lililotangulia, bunduki hujua gari limekaribia kwa kiasi gani. Kabla nusu sekunde haijapita, hesabu imekwisha. Tena mwali wenyewe ni mwembamba. Kwa umbali wa mita 300 upana wake ni kama mita 1. Kwa hiyo askari aweza kulichagua gari moja katikati ya mengi, na dereva hana nafasi ya kusema kwamba lililopimwa ni la jirani yake.

Sasa mwanadamu ni mwenye hila nyingi. Kimetengenezwa kifaa kidogo ambacho hufungwa mbele ya gari, karibu na bamba la nambari na taa, maana hapo ndipo askari anapolenga. Kifaa hicho kikihisi miali ya bunduki, nacho hutoa miali yake, ili bunduki ichanganyikiwe isiweze kusoma. Wako watu huko Ulaya na Marekani ambao hukijaribu kwa bidii ya ajabu. Hutafuta barabara tupu. Mmoja husimama na bunduki, mwenzake huja na gari, tena na tena, na kila mara wanaandika gari lilikuwa umbali gani bunduki ilipofaulu kusoma. Hubadili bunduki, hubadili gari, hukihamisha kifaa huku na huku.

Na wameona nini? Wameona kwamba jibu si moja. Kuna bunduki zinazopofushwa mpaka gari limefika karibu sana, na kuna nyingine zinazosoma kana kwamba hakuna kilichozizuia. Gari lenye kimo, lenye taa kubwa zinazorudisha nuru, ni gumu kulificha. Bunduki mpya hubadili mapigo yake, na kifaa kilichofaa jana leo hakifai tena. Tena kuna bunduki ambazo, zikizuiwa, humwonyesha askari alama kwamba gari lile linazizuia. Yaani kile kifuniko ndicho kinachosema! Wazee wetu walinena kweli kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua.

Lakini jambo la kushangaza zaidi ni hili. Wenye kukitumia kifaa hicho hushauriana hivi: kikilia, punguza mwendo upesi mpaka ufikie kiwango cha sheria, kisha kizime, ili askari apate kukupima. Wapendwa, tafakarini. Mtu ametoa fedha nyingi, ametoboa gari lake, ameshinda juani siku nzima akifanya majaribio, na mwisho wa yote kifaa chake kinamwambia neno lile lile lililoandikwa bure kwenye kibao cha barabarani: punguza mwendo.

Huenda unasema, hayo ni mambo ya matajiri wa mbali, sisi wa Tezo na Gede yanatuhusu nini? Kifaa hicho ni cha mbali, ni kweli, lakini ndugu zake tunao hapa nyumbani.

Mnakumbuka kanuni zilizotolewa mwaka 2003 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki. Zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Kila matatu ilitakiwa iwe na mikanda ya usalama, na kidhibiti mwendo kisichoiruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Siku zile watu wengi walikwenda kazini kwa miguu, kwa kuwa magari mengi yalikuwa hayajatimiza masharti. Kisha magari yakarudi barabarani. Lakini pamoja nayo ikaja hila: waya unakatwa, au swichi ndogo inafichwa mahali ambapo mguu au mkono wa dereva unaifikia. Karibu na kizuizi cha polisi kidhibiti kinafanya kazi. Mbele kidogo kinalala usingizi.

Ndugu wa pili ni zile taa za kuonyana. Gari linalotoka Malindi linaliwashia taa mara mbili lile linalotoka Kilifi, maana yake, askari wako mbele. Basi dereva anapunguza, anapita mbele ya askari polepole kama bibi arusi aingiaye kanisani, na akiisha kupita kona anakanyaga mafuta kama kwanza. Jambo hilo tunaliita wema. Lakini tuulize, ni wema kwa nani? Yule uliyemwonya humjui. Huenda amelewa. Huenda amekesha usiku mbili na macho yanafumba. Umemtendea wema yeye, na je, wale watakaokutana naye mbele, umewatendea nini?

Hapa, wapendwa, ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Watu huuliza, je, hila hii inafaa kazi? Tuseme inafaa. Tuseme kimepatikana kifaa kinachoipofusha kila bunduki, mchana na usiku, mvua na jua. Aliyeshindwa ni nani? Ni shahidi tu aliyeshindwa. Mwendo wenyewe haukushindwa. Gari ni lile lile, uzito ni ule ule, na barabara ni ile ile.

Hebu tupige hesabu pamoja. Sheria ya nchi yetu yasema kwamba ndani ya mji au kituo cha biashara, gari lisipite kilomita 50 kwa saa. Magari mawili yanaingia Matsangoni, moja lina mwendo wa kilomita 50, jingine lina kilomita 100. Kila moja lina mtoto mbele yake, umbali wa mita 30, anavuka barabara kumkimbilia mamake anayeuza maembe upande wa pili. Dereva yeyote, hata aliye hodari, hutumia kama sekunde 1 tangu jicho lione mpaka mguu ukanyage breki. Katika sekunde hiyo gari la kilomita 50 limekwenda mita 14. Breki zikiwa nzuri na lami ikiwa kavu, litasimama baada ya mita 14 nyingine. Jumla ni mita 28. Mtoto ameshtuka, amelia, lakini yu hai, na jioni atakula nyumbani kwao.

Na lile la kilomita 100? Katika sekunde ile moja limekwenda mita 28. Mahali pale pale ambapo mwenzake amesimama kabisa, huyu ndiyo kwanza anaanza kukanyaga breki, na mwendo wake bado ni kilomita 100. Na kwa kuwa mwendo ukizidi mara mbili nguvu ya gari huzidi mara nne, anahitaji kama mita 55 zaidi ndipo asimame. Mita hizo hazipo. Mtoto yuko mbele yake, mita 2.

Katika hesabu hiyo, ndugu zangu, askari hayumo. Bunduki haimo. Taa za kuonyana hazimo, wala swichi iliyofichwa haimsaidii mtu. Waliomo ni watatu tu: mtoto, dereva, na Mungu aliyewaumba wote wawili.

Wala hatusemi mambo ya kuwazia tu. Kwa hesabu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Na kundi kubwa kuliko yote miongoni mwao ni wale waendao kwa miguu. Hawa hawana kidhibiti, hawana mkanda, hawana kifaa cha kutoa miali. Kinga yao ni moja tu, nayo ni mguu wa dereva.

Na hicho tunachokinunua kwa bei hiyo ni nini? Kutoka Kilifi mpaka Malindi ni kama kilomita 60. Ukienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama, utatumia dakika 45. Ukienda kilomita 100, utatumia dakika 36. Faida yako ni dakika 9. Ni muda wa kunywa kikombe cha kahawa chungu pale stendi na kuulizana habari za nyumbani. Wazee wetu wanakumbuka kwamba kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, palikuwa na feri. Aliyekimbiza gari na aliyekwenda taratibu walikutana pale pale majini, wakingoja pamoja, wakila korosho. Feri ilikuwa mwalimu mzuri. Iliwafundisha watu kwamba safari ina mwenyewe.

Sasa tunajua neno linalosumbua mioyo ya wengi. Mnasema, mchungaji, wewe unatetea bunduki ile, na sisi tumeona askari wengine wanaitumia kwa kutafuta kitu kidogo. Wanajificha vichakani, na makosa yakipatikana yanamalizwa kwa noti iliyokunjwa. Wapendwa, hatufumbi macho. Atoaye hongo na apokeaye wote wawili wamelipotosha lile jambo jema, na kila mmoja atatoa hesabu yake. Lakini dhambi ya askari haiwezi kuigeuza 100 iwe 50. Yule mtoto wa Matsangoni hakupokea kitu kidogo kwa mtu yeyote. Kwa nini yeye alipe deni la askari?

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi, katika mlango wa 13, kwamba mwenye kutenda mema hana sababu ya kuwaogopa wenye mamlaka. Ukiisoma sura hiyo utaona kwamba hakuishia kwenye hofu ya adhabu. Alisema tutii kwa ajili ya dhamiri pia, kisha akaifikisha sheria yote kwenye upendo, maana upendo haumtendei jirani ubaya. Mwaka 2018 huko Uingereza mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miezi 8. Alikuwa amefunga gari lake kifaa cha kuzuia miali, akapita mara kadhaa mbele ya kamera za polisi huku akizionyesha kidole cha matusi. Kosa lililomtia gerezani halikuwa lile la kukimbiza gari. Kosa lilikuwa ni kuipotosha haki. Tangu bustani ya Edeni mambo ni hayo: kosa ni moja, na kulificha ni kosa la pili, na mara nyingi la pili ndilo zito zaidi.

Sheria ya Musa nayo, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 22, ilimwamuru mtu ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hakuambiwa aujenge kwa sababu mkaguzi atapita. Aliambiwa aujenge kwa sababu mtu aweza kuanguka. Kidhibiti mwendo ndicho ukuta wetu wa darini. Anayekata waya wake amebomoa ukuta usiku, na watu bado wanatembea juu.

Basi, tufanye nini? Wewe dereva, kama una swichi iliyofichwa, mwambie fundi aing'oe juma hili, wala usingoje kukamatwa. Wewe mwenye gari, usimpangie dereva wako hesabu ya jioni ambayo hawezi kuifikisha ila kwa kukimbia; fedha hizo zina harufu. Nawe abiria, usikae kimya. Umelipa nauli, hukuiuza roho yako. Sema kwa upole, "Ndugu yangu dereva, twende polepole, tunataka kufika." Mmoja akisema, wengine wataitikia. Na sisi watu wa kanisa, tunapokodi magari kwenda arusini au mazishini, tusiwe sisi tunaopiga makofi na kumhimiza dereva ayapite magari mengine. Ni vibaya kwenda kuzika mtu mmoja na kurudi na maiti wa pili. Na tukutanapo na gari njiani, taa zetu ziwaonye watu juu ya ng'ombe waliolala barabarani, au gari lililoharibika, au maji ya mafuriko. Huo ndio wema wa taa.

Turudi kwa yule mlinzi wa Yezreeli. Swali ambalo wajumbe walitumwa kuuliza lilikuwa moja tu: je, mnakuja kwa amani? Swali hilo huulizwa hata leo. Kila gari linapoingia Mtwapa, Vipingo, Matsangoni au Msabaha, mama aliye kando ya barabara na ndoo kichwani analiuliza, bila kufungua kinywa: je, unakuja kwa amani? Na jibu halitolewi kwa maneno yaliyoandikwa kwenye kioo cha nyuma, hata kama ni maneno mazuri ya dini. Jibu hutolewa na mwendo. Yuko Mlinzi ambaye Zaburi ya 121 inamtaja kuwa halali. Hakuna kifaa kinachozuia miali yake. Lakini tusimwogope kama mtu anayevizia vichakani. Yeye anamlinda yule mtoto avukaye, na anakulinda na wewe pia, usije ukalala kila usiku ukisikia mlio wa breki zilizochelewa.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyeilinda safari ya watu wako jangwani mchana na usiku, tunakuomba uwakumbuke wote walio barabarani saa hii, kutoka Mombasa mpaka Malindi na mbele zaidi. Uwape madereva macho yaliyo macho na miguu yenye kiasi. Uwape askari mikono safi. Uwafariji waliofiwa kwa ajali, na uwaponye walio vitandani hospitalini. Utufundishe kwenda sawasawa pale tunapoonekana na pale tusipoonekana, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakia safari ya amani.